Ilimba yangu ya Chamwino

Tangu utotoni nikimsikia mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose redioni, Mgogo mwenzetu aliyefariki mwaka 2003, nilitamani ilimba yangu mwenyewe, ile ala yetu ya boksi lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Nimeipata kwa mzee mmoja fundi huko Chamwino, mkoani Dodoma, kwa shilingi 60,000. Boksi ni la mbao nzito, vyuma vimefuliwa kwa mkono. Kwenye kitundu cha mbele kabandika utando wa buibui. Ukigusa chuma, sauti inatoka na mvumo kama wa nyuki. Nilisisimka mwili mzima! Vyuma viwili vya pembeni vililegea, nikamrudishia, akavikaza bila kunidai hata mia. Mkoba tu ndio hana, na vumbi la Dodoma mnalijua. Jioni natungia wimbo wangu wa Kigogo. Naimba taratibu, nayo inaniitikia.