Kopo la Oili la Karakana: Lipi Ununue, Lipi Uliache

Kwa muda mrefu niliamini mashine yangu ya kukereza inapata oili ya kutosha. Kila asubuhi nilichomeka mdomo wa kopo kwenye kila nipeli (kidude cha kuingizia oili), nikabana mara tatu, nikafuta iliyomwagika kwa kitambaa. Siku niliyofungua slaidi, ile sehemu ya mashine inayoteleza, nilikuta bushi (kikoa cha chuma kinachoshika shafti) kavu, imelika upande mmoja. Oili iliyopaswa kuwa ndani ndiyo niliyokuwa nikiipangusa kila siku.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue kopo gani, nami humuuliza: oili inaingilia wapi kwenye mashine yako?

Mashine nyingi za karakana zina nipeli za gololi. Ni vikombe vidogo vya chuma vilivyogongelewa kwenye tundu, mara nyingi vya kipenyo cha milimita 6, 8 au 10, na ndani kuna gololi inayosukumwa juu na springi. Ukichomeka mdomo mwembamba, gololi inashuka, lakini oili inakuta njia mbili: ishuke kwenye mfereji mwembamba wenye uchafu wa miaka, au irudi juu pembeni ya mdomo wa kopo. Itapita palipo rahisi. Unachohitaji ni ncha inayokaa juu ya nipeli na kuziba pande zote, ili msukumo wa oili wenyewe uishushe gololi.

Kwa kipimo hicho, namba moja kwangu ni kopo la chuma la kubana kwa mkono, lenye pampu ya chuma na mrija mgumu. Si kwamba linafaa likitoka dukani. Ncha yake karibu kila mara ni nyembamba mno. Nalipenda kwa sababu pampu ina nguvu, mkono mmoja unatosha, na ncha inaweza kubadilishwa. Chukua la mililita 200 hadi 300. Kubwa zaidi linachosha kiganja, na oili inakaa humo hadi inakusanya vumbi. Mrija unaopinda unavutia machoni, ila ukiukandamiza kwenye nipeli unakunjika na kuteleza. Kabla ya kulipa, omba litiwe oili kidogo, pampu hadi itoke, kisha ziba ncha kwa kidole na ubane. Mpini wa kopo ukigoma, pampu ni nzima. Ukizama taratibu huku oili ikichuruzika shingoni, lirudishe rafuni.

Namba mbili ni bomba la kusukuma: silinda nyembamba unayoikandamiza kwenye nipeli, na kule kukandamiza ndiko kunakopampu. Kwa mashine yenye nipeli pekee, lililotengenezwa vizuri linalishinda kopo, kwa kuwa nguvu ya kuziba na ya kupampu ni moja. Nimeliweka la pili kwa sababu ya yale ya bei poa. Sili zake (vizibo vya kuzuia oili isitoke) huvuja, unamaliza kazi ukiwa na oili hadi kwenye kiwiko. Tena halifikii pembe za ndani, maana linahitaji nafasi ya kusukumia.

Chupa ya plastiki yenye sindano inafuata. Haina msukumo wa maana, kwa hiyo isahau kwenye nipeli. Lakini kwa reli za kitanda cha mashine (msingi wake mrefu ambao slaidi hupita juu yake), meno ya gia na matundu yaliyo wazi, sijaona kinachoishinda: unaona oili iliyobaki na unaweka tone pale unapotaka. Sirinji kubwa bila sindano hufanya kazi hiyohiyo.

Bomba la grisi lililotiwa oili nalitaja kwa tahadhari. Msukumo wake ni mkubwa, linaweza kuzibua mfereji ulioziba, na pia linaweza kung'oa sili usiyoijua ipo. Kama liliwahi kubeba grisi, lioshe hadi ndani kabisa. Grisi ikiingia kwenye mfereji wa oili hukaa humo kama kizibo.

La mwisho ni lile la kizamani la umbo la pia, unalobonyeza kitako kwa dole gumba. Zuri kulitazama.

Sasa ncha. Chukua kipande cha fito ya shaba ya njano ya milimita 10, toboa tundu la milimita 2 katikati hadi upande wa pili, kisha kata hesi upande mmoja ilingane na mrija wa kopo. Upande wa mbele punguza kipenyo hadi ncha ikae ndani ya ukingo wa nipeli na bado iwe pana kuliko tundu la gololi. Usoni chimba kibonde kifupi kwa drili ya senta, ulainishe ukingo kwa msasa laini. Huna mashine iliyo tayari? Kipande kifupi cha mpira wa kupitishia petroli kilichovishwa kwenye ncha, kikitokeza milimita moja au mbili, kinaziba vizuri ajabu. Usitumie mpira wa kawaida, huo huvimba kwenye oili.

Oili nayo ina neno lake. Namba ya ISO VG, iliyoandikwa kwenye chombo cha oili, inaeleza mnato wake, yaani ilivyo nzito kumiminika, ikiwa kwenye nyuzi joto 40. Kwa reli za kitanda mara nyingi hutakiwa 68, na kwa sanduku la gia za spindo (mhimili unaozungusha kazi) 32, ila kitabu cha mashine ndicho mwamuzi. Oili ya injini ina sabuni inayobeba uchafu hadi kwenye filta, na slaidi yako haina filta. Ukiwa na oili mbili nunua makopo mawili, uyapake rangi tofauti.

Ncha mpya ikishafungwa, pampu polepole huku ukitazama upande wa pili wa bushi. Mwanzo utatoka uji mweusi. Endelea hadi oili itoke safi. Kwenye mashine yangu, nipeli moja ilinichukua siku mbili, nikiitia mafuta ya taa jioni na kurudi asubuhi.

Lile kopo langu la zamani sikulitupa. Ncha yake nyembamba inadondoshea oili ya kukatia chuma.