Chungu Kilichozibwa kwa Saruji: Uzoefu Wangu na Kitalu Kimoja cha Maua Kisumu

Sijui mmea wa ndani usio na usumbufu kuliko huu ambao wauzaji wetu huuita ZZ, na ndiyo maana hasira yangu kwa kitalu kimoja kilicho kando ya barabara ya Kakamega haijatulia mpaka leo. Mmea huu hustahimili pembe ya chumba isiyofikiwa na jua, na hutosheka kumwagiliwa mara moja kwa wiki mbili au tatu, kwa kuwa huweka akiba ya maji katika vinundu vinene vilivyofichika udongoni. Kinachouangamiza upesi ni kimoja tu, nacho ni maji kutuama mizizini.

Niliununua mwanzoni mwa mvua za masika. Majani yalikuwa yanang'aa, chungu ni cheupe na cha kupendeza, na bei ilikuwa shilingi 1,800. Nilipouliza kama bei ingepungua kidogo, mwenye kitalu alinijibu kwamba huo ni mmea wa Uholanzi. Nilinyamaza kwa heshima ya umri wake, lakini maneno hayo yaliniudhi: Waholanzi waliuzalisha kwa wingi kwa ajili ya biashara kuanzia miaka ya 1990, ilhali asili yake ni huku kwetu, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Hata hivyo nililipa, kwa sababu mmea wenyewe ulinivutia.

Haukupita muda mrefu majani yakaanza kugeuka manjano, ingawa sikuwa nimeumwagilia hata tone tangu ulipoingia nyumbani. Udongo ulikuwa bado tope. Nilipokipindua chungu nikaona doa lililoinuka katikati ya kitako. Nikalikwangua kwa kisu, na chini ya rangi nyeupe nikakuta tundu la kutolea maji limezibwa kwa saruji. Ndani mlijaa udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa nyanda za Kano unaoshika maji na kugandamana, bila chembe ya mchanga. Shina moja lilitoka mkononi pasipo kuvutwa, na kinundu chake kilikuwa cha rangi ya kahawia, kinabonyea, kinanuka uvundo.

Nilikirudisha chungu kitaluni, nikamwamkia mwenye kitalu: "Habari ya asubuhi, mzee." Hakuitikia. Alipomaliza kumhudumia mteja mwingine aliutazama mmea, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Mama, kuna watu wana mkono wa kuotesha na kuna wenye mkono wa kuua. Wako ni wa kuua." Nilimwonyesha saruji. Akasema wateja wa mjini hawapendi maji yachuruzike kwenye vigae vyao, akanipa mgongo. Kwa hiyo alijua! Aliziba tundu kwa mikono yake, akauendeleza mmea kwa maji ya mpira kila asubuhi pamoja na mingine yote, kisha lawama akanitwika mimi mbele ya watu nisiowajua.

Haki itendeke kwa kijana anayefanya kazi hapo. Aliniita pembeni, akakata sehemu zote zilizooza, akabakiza vinundu viwili vigumu, akanieleza niviache kivulini vikauke majeraha kabla ya kuvipanda katika mchanganyiko wa mchanga wa mto, changarawe na samadi kidogo iliyokwisha kuoza. Alinikumbusha pia ninawe mikono, kwa kuwa utomvu wake huwasha, na niuweke mbali na watoto. Bosi wake hakuwa amelitaja hilo. Aliniambia hata jani dogo moja likichomekwa mchangani huweza kufanya kinundu kipya, ila miezi hupita kabla ya chipukizi kuonekana. Kwa ajili ya kijana huyo nilikwisha kuamua kukisifu kitalu hiki na kuwashauri watu wamtafute yeye.

Nilipokuwa nikiondoka na kifuko cha mchanga alichonichotea, mwenye kitalu akanidai shilingi 200. Nilizilipa ili kijana asije akapata taabu, na uamuzi wangu wa kusifu ukaishia hapo hapo. Mmea huu nunueni bila wasiwasi, lakini si kwake. Na popote mtakapoununua, kipindueni chungu na mkikwangue kitako kabla ya kutoa fedha. Vile vinundu viwili vimeanza kuchipua. Shilingi zangu hazijarudishwa, na kuombwa radhi sijaombwa.