Tuisheni ya hesabu Sinza: bajaji kwanza, herufi baadaye

Wazazi wenzangu wa Kidato cha Kwanza wananiuliza sana kuhusu tuisheni anayosoma binti yangu hapa Sinza. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi, chumba kina joto na feni ni moja. Hayo yanavumilika. Ninachokilipia mimi ni namna Mwalimu anavyolipanga somo.

Siku ya mlinganyo wa mstari mnyoofu niliomba kukaa nyuma. Shuleni walishaandikiwa y = mx + c, binti yangu akaikariri bila kujua m ni mdudu gani. Mwalimu hakuigusa. Alisema: bajaji inakudai 1,000 ukipanda tu, halafu 500 kila kilomita. Watoto wakajaza jedwali, wakachora grafu. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo mteremko ni hela?"

Hapo ndipo nilipomkubali Mwalimu. Akafuta bajaji, akaleta simtanki yenye lita 1,000 inayovuja lita 50 kila saa. Mstari ukashuka, na hela haimo. "Haya, hizi mbili zinafanana wapi?" Wakabishana mpaka wakasema zote zina pa kuanzia, na zote zinabadilika kwa kiasi kilekile kila hatua. Ndipo akaandika herufi: c ni pa kuanzia, na m ni badiliko la kila hatua, yaani mteremko: 500 kwa bajaji, −50 kwa simtanki.

Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, alisema miaka ya 1960 mtoto aanze kwa vitendo, aende kwenye picha, amalizie na alama. Naafiki. Lakini mwaka 2008 watafiti wa Ohio, hukohuko Marekani, waliwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu kanuni moja, wengine kwa alama tupu, wengine kwa vikombe vya maji na vipande vya piza. Wa alama tupu ndio walioitumia vizuri zaidi kwenye jambo jipya. Kwangu maana yake ni kwamba mfano uje kwanza, ila mtoto asiachwe humo.

Na hapo ndipo kasoro ya Jumamosi ilipo. Madarasa yanaunganishwa, msaidizi anaishia kwenye bajaji, simtanki haifikiwi, na watoto wanarudi nyumbani na nauli tu kwenye daftari. Nimeshamwambia Mwalimu, ameahidi kuligawa darasa. Kwa sasa mpeleke mwanao vipindi vya Jumanne na Alhamisi, awahi kabla ya saa kumi na moja jioni, viti vinajaa.