Ukatili gerezani: umhoji aliye ndani au aliyekwisha kutoka?

Kijana wa Mbeya anayetaka kufanya utafiti wa ukatili magerezani kuwa kazi yake ya maisha huanza na swali moja: nimfuate mfungwa ndani, au nimsubiri atoke?

Ndani mambo ni mabichi. Unaona bweni, unaona foleni ya chakula, unaona nani anamkwepa nani. Barua ya chuo haitoshi, lazima Jeshi la Magereza liridhie. Hilo ni la kuvumilia tu. Ugumu wenyewe uko kwingine. Mtu anayelindwa saa zote atakataaje maswali yako kwa uhuru? Akikutajia aliyempiga, wewe jioni unapanda daladala kwenda Uyole. Yeye analala bweni moja na mtu huyohuyo. Jambo hili hunikosesha usingizi. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanasaikolojia Philip Zimbardo aliwaweka wanafunzi katika gereza la kuigiza; majaribio ya wiki mbili yalikatizwa baada ya siku 6, maana walioigiza askari walikuwa wakiwanyanyasa walioigiza wafungwa. Na hao hawakuwa wafungwa.

Aliyetoka mnakaa naye Mwanjelwa, mnakunywa chai. Akisema "hilo tuliache", mnaliacha. Kumbukumbu hufifia, kweli, na kumpata ni kazi, maana wapo wanaoficha hata kwa majirani kwamba waliwahi kufungwa.

Kwa shahada ya uzamili ningeanza na waliotoka, bila kusita. Ndani ningeingia baadaye, nikishajua maswali yapi yanaweza kumponza mtu.