TAHADHARI: Ekseli za mbele za mtumba "zimeshafanyiwa sevisi"

Mnaotafuta ekseli ya mbele ya Land Cruiser 70 au 80, kuweni macho. Kuna ekseli zinauzwa zikiwa zimeoshwa, zimepigwa rangi nyeusi na kupakwa grisi mpya kwa nje, na muuzaji anaapa kwamba ndani kila kitu ni kipya. Ukishaifunga, gari likigonga shimo kwenye spidi ya 70 au 80, stering inatetema hadi mikono inarushwa, na haitulii mpaka ukaribie kusimama. Ukirudi kulalamika, anakuuzia dampa ya stering. Hapo umepigwa mara ya pili: dampa inaficha mtetemo tu, ugonjwa uko palepale.

Mara nyingi ugonjwa ni beringi za kingpini, mbili kila upande, zinazobeba nako (kile kipande cha mwisho wa ekseli kinachogeuka pamoja na gurudumu). Hizi hazizungushi duara zima kama za gurudumu. Zinacheza kidogo kulia na kushoto, kwa hiyo rola zinapiga palepale miaka nenda rudi. Chomoa kikombe cha beringi, futa grisi, pitisha ukucha ndani yake. Ukikwama kwenye vijistari vilivyopangana kama meno ya kitana, imekwisha hiyo. Na nako ikifunguliwa grisi ikamwagika kama uji mweusi, sili ya ndani imekufa, oili ya difu imeingia. Muuzaji akikataza kufungua kabla ya kulipwa, ondoka.

Wengine hubadilisha beringi kweli, ila hurudisha shimu (visahani vyembamba vya kuweka mkazo wa beringi) kiholela. Kabla ya kufunga tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele) na sili, vuta mkono wa nako kwa mizani ya springi: ianze kusogea kwenye kilo 3 hadi 5. Ikienda kwa kusukumwa na kidole, shimu ni nyingi mno, punguza.

Kama tayari iko kwenye gari, piga jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingpini. Kisha lishusheni, mmoja ayumbishe stering huku mwingine akiangalia tairodi, na kwa gari la springi za koili aangalie pia bushi za ile rodi inayozuia ekseli kwenda pembeni. Tundu la bolti yake likiwa limetanuka, bushi mpya haisaidii.

Gari lililoinuliwa lina shida nyingine: inchi 2 kwenye koili hula karibu nyuzi 2 za kasta (mlalo wa kingpini kwenda nyuma, unaofanya stering ijirudishe), na ya kiwandani ni kama 3 tu. Hapo dawa ni bushi za kurekebisha kasta.

Hesabu na stadi za habu (bolti za kufungia gurudumu) kabla hujatoa hela. Za zamani zina 6, ila Land Cruiser 78 na 79 za kuanzia 1999 zina 5, na wapo wanaokuuzia huku wakisema "zinaingiliana".