Hotpoti za kupelekea wazee chakula: ipi inafaa, ipi inasumbua

Seti ya hotpoti tatu inayouzwa karibu kila duka la vyombo Tanzania na Kenya imetengenezwa ikae mezani. Kwa kikundi cha kujitolea kinachowapelekea chakula cha mchana wazee wanaoishi peke yao, ile kubwa haifai kabisa. Inafunguliwa kila nyumba, na kila ikifunguliwa joto linatoka. Ya kati ndiyo ya kazi: inatosha wali wa wazee watatu au wanne wa mtaa mmoja. Ndogo itie mchuzi au mboga.

Chagua yenye stili ndani. Plastiki inashika manjano na harufu ya samaki, haitoki hata kwa limau. Mfuniko wa kuzungusha unalegea kwenye barabara ya mashimo, mchuzi ukaishia kwenye kapu la pikipiki. Wenye vibano na mpira unahimili.

Lakini mfuniko huohuo, mvuke ukipoa ndani, unajivuta na kukaza. Mzee mwenye baridi yabisi ya vidole hawezi kuufungua, na atalala njaa chakula kikiwa mbele yake. Kwa hiyo hotpoti isiachwe mlangoni. Piga hodi, ingia, mpakulie kwenye sahani yake, umwangalie akianza kula. Ukiona sahani ya jana haijaguswa, hiyo ni habari ya kumfikishia mwanawe au jirani siku hiyohiyo.

Hotpoti haipashi chakula, inatunza tu joto lililoingia. Mimina maji yanayochemka, funika dakika kumi, mwaga, kisha pakia chakula kikitoka jikoni, ujaze karibu na mdomo. Ikiwa nusu, inapoa upesi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi hadi kiliwe, na kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2. Wali ndio wa kuogopwa zaidi, maana una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na zikipata uvuguvugu zinazaana. Nunua kipimajoto cha chakula kabla ya seti ya pili, na upime kwenye nyumba ya mwisho. Nyumba ya kwanza haikuambii kitu.

Ugali hutoa jasho, ukalowa chini; ufunge kwa kitambaa safi. Samaki wa kukaanga hulegea, na miiba ni hatari kwa asiye na meno, hivyo maharage yaliyoiva sana au ndizi za kupika ni bora. Cha mwenye shinikizo la damu, kisichokolezwa chumvi, kiwe na hotpoti yake yenye alama ya rangi.

Ufa ukitokea ndani, maji ya kuoshea yanaingia kwenye sponji iliyo kati ya kuta zake, chombo kinanuka na hakitunzi joto tena. Hicho hakitengenezeki.

Dukani, omba maji, jaza, funga, pindua juu ya beseni. Likidondoka hata tone moja, chagua nyingine.