Koti la mvua la bodaboda, nimelipeleka mlimani kwa baiskeli

Juzi kuna mtu kaniuliza kama yale makoti ya mvua wanayovaa bodaboda, yale ya suruali na koti yenye mstari unaong'aa mgongoni, yanafaa kwa safari ndefu ya baiskeli. Mi ninalo. Nililinunua duka moja hapa Dodoma mjini elfu 25, nikazunguka nalo Dodoma, Kondoa, Babati, Katesh, Singida, Manyoni hadi nyumbani, siku tisa, mwishoni mwa mwezi wa tatu. Ni koti zuri kwa mtu aliyekaa, ila ukianza kunyonga baiskeli ndo utalijua.

Muuzaji aliniambia kaka hili hata ukiingia nalo mtoni hulowi, na kwa kweli maji ya nje hayapiti. Shida ni kwamba na ya ndani hayatoki. Kwa bodaboda haina neno maana injini ndo inafanya kazi yeye kakaa tu.

Siku ya kwanza Msalato, Mayamaya, Chemba koti lilikuwa limefungwa kwenye karia na mpira, jua kali na ule upepo wetu wa vumbi, nikaanza hata kujuta kwa nini nimebeba mzigo. Sa sisi wa Dodoma mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, na mwezi wa tatu ukiisha tunaona kama zimeshaaga, tunasahau kwamba jirani zetu Manyara ndo kwanza masika inaingia. Nikalala Kondoa, asubuhi nikapita Kolo pale penye michoro ya mapangoni (sikupanda kuiangalia, mbele kulishakuwa kweusi) halafu barabara ikaanza kupanda kwenda Bereku. Manyunyu ya kwanza tu nikavaa suti nzima, zipu mpaka kidevuni. Kosa. Nimepanda kama nusu saa fulana yote imelowa jasho kama nimechovywa, yaani nimelowa kabla mvua yenyewe haijafika.

Ilipofika sasa, ikaja na mawe. Mawe ya mvua kwenye kofia ya lile koti ni kelele tupu, husikii lori linalokuja nyuma, na ukigeuza shingo kofia haigeuki na wewe, unabaki unaangalia kitambaa. Radi nayo ikaanza kupiga karibu. Mti ulikuwepo pembeni lakini chini ya mti sikwenda, nikakokota baiskeli mpaka kwenye nyumba ya kwanza niliyoiona. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu, vua hilo linailoni utakufa na baridi. Nikamwambia bibi hili ndo linanikinga, akacheka, akanishika mkono akaona ulivyo wa barafu. Alinipa chai ya tangawizi, na gazeti lililofungia maandazi akaniambia weka kifuani. Nilidhani utani.

Radi ilipotulia nikasubiri kama nusu saa nyingine ndo nikaondoka. Kushuka kuelekea Bonga ndo palikuwa pabaya kuliko kupanda, maana hunyongi, mwili hauzalishi joto, una jasho la baridi ndani na upepo wa mteremko unakupiga. Vidole viligoma kukaza breki. Na breki zenyewe za raba kwenye rimu, zikilowa hazishiki hapo hapo, inabidi uzibane kidogo kidogo mapema zifute maji kwanza, ukisubiri kona umekwisha. Lile gazeti la bibi aisee lilisaidia kuliko koti, Babati nimefika kifua kikavu mikono inatetemeka.

Kuanzia hapo nikabadili utaratibu. Kupanda navaa fulana tu hata kama mvua inanyesha, nalowa basi, juu nikifika navua fulana, navaa sweta kavu la mtumba halafu ndo koti juu yake nashuka. Hapo koti likaanza kuwa na maana. Suruali ya lile koti lakini msihangaike nayo, chini inaingia kwenye cheni (nilifunga na kipande cha tyubu) na siku ya nne ikapasuka katikati ya miguu, sitaki kuelezea zaidi.

Sweta likae wapi ili libaki kavu? Ndoo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 watu tunafunga nguo kwenye viroba, na kiroba kinapitisha maji kama chujio. Ndoo ya rangi ya lita 10 yenye mfuniko nimeinunua elfu 3, nikaifunga kwenye karia na mpira, siku tisa halijaingia tone. Kama una hela ya kitu kimoja tu nunua ndoo.

Katesh nilikaa siku nzima bila kusogea. Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400 na siku hiyo ulikuwa umefunga wote, huoni hata kiuno chake. Wenyeji pale mvua ya mlimani hawaichukulii mchezo, Desemba 3, 2023 tope na mawe na magogo vilishuka kutoka huko huko vikaua watu zaidi ya 80. Mama ntilie akaniambia mwanangu leo hata korongo dogo usivuke. Nikatii, nikala ugali maharage nikalala. Hakuna koti la kukukinga na hilo.

Singida ilikuwa upepo tu, Saranda nimeteremka kukavu, koti nikalifanya mto wa kulalia.

Kati ya alama tano koti linapata tatu. Zipu ilishakatika, ila fundi cherehani wa Majengo kaniwekea vifungo kwa elfu 2, na sasa hivi hewa inapita katikati ya vifungo, limekuwa koti zuri kuliko lilivyotoka dukani.